Imeili yako haijafa, imejaa tu: namna ya kusafisha inboksi

Juzi kati kaja dada mmoja dukani, mi nina kasteshenari kadogo hapa Mwanga, Kigoma, fotokopi, kuprinti, passport size, kutumia watu maombi ya kazi, mambo hayohayo. Kaomba kazi kwenye shirika moja linalohudumia wakimbizi, si mnajua huku kwetu vijana wengi macho yako kwenye kambi za wakimbizi kama Nyarugusu, basi wenyewe wakampigia simu kwamba dada barua ya usaili tumekutumia tangu jana inaturudia tu. Kafika kajaa jasho, "kaka imeili yangu imekufa". Nikamwambia haijafa, leta simu.

Kufungua hivi, ambazo hazijasomwa elfu kumi na moja na ushee, ofa za viatu, mtu fulani kakufolo, app ya kubeti aliyoifuta zamani bado inamwita, alafu juu kabisa kuna tangazo kwamba nafasi imeisha. Sasa hapa wengi ndo wanakosea, anaanza kufuta mojamoja kwa kidole, anafuta mia mbili, mkono unauma, nafasi iko vilevile.

Iko hivi. Imeili ninayoisemea hapa ni Gmail, ya Google, na Google wanakupa GB 15 za bure, ila sio za imeili peke yake, zinaliwa kwa pamoja na imeili, mafaili ya Drive, ile stoo yao ya mtandaoni, na picha za Google Photos, picha zinahesabiwa tangu Juni 2021, na tangu 2024 hata bekapu ya WhatsApp, yaani nakala ya akiba ya meseji na video zako, kwa wenye Android imeingia humohumo. Imeili ya maneno matupu ni kitu kidogo sana, unaeza kufuta elfu nzima usione tofauti. Na zikijaa kweli hupokei wala hutumi, anayekutumia anarudishiwa ya kwake, na ikisharudi haiji yenyewe hata ukisafisha, lazima umuombe atume tena. Hilo la mwisho watu hawalijui, wanasafisha alafu wanakaa kusubiri.

Kwahiyo kabla hujafuta chochote fungua one.google.com/storage uone nani anakula. Yule dada imeili hazikufika hata GB 2, iliyobaki karibu yote ni bekapu ya WhatsApp, video za harusi, video za magrupu, mapishi, mahubiri. Tukaingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya bekapu, tukazima video zisiingie, tukaifanya bekapu upya, ndo ikapungua. Fanyeni hii kwenye waifai au ukiwa na bando la kueleweka maana bekapu inakula MB. Na kwenye picha muwe waangalifu aisee, ukifuta picha ndani ya Google Photos na simu yako imeunganishwa nayo inafutika mpaka kwenye simu, kuna mama mmoja alilia hapa dukani, picha za marehemu mumewe, bahati nzuri zilikuwa bado kwenye tupio tukazirudisha.

Haya, tuje kwenye imeili zenyewe. Kile kiboksi cha kutafutia pale juu kina amri zake ambazo hamna anayezitumia. Andika larger:10M zinakuja zote zenye mafaili mazito, ukimaliza hizo shuka andika larger:5M. Ukiandika older_than:2y unapata zilizopita miaka miwili, na unaeza kuunganisha, category:promotions older_than:1y inakuletea matangazo ya zaidi ya mwaka. Kwenye kompyuta ukitiki kile kiboksi cha juu zinachaguliwa hamsini za ukurasa huo, alafu yanatokea maandishi yanayokuuliza uchague zote zinazofanana na ulichotafuta, bonyeza hapo ndo ufute, elfu nne zinaondoka kwa mkupuo.

Ila zile nzito usizifute kwa mkupuo, pitia kwa macho. Watu wa huku tumeifanya imeili kuwa kabati la vyeti, mtu anaskani cheti cha form four anajitumia mwenyewe, ndo stoo yake hiyo. Ya yule dada ilikuwa mojawapo, ya 2019, kichwa cha habari hamna, imeandikwa tu "vyeti", ningebonyeza kwa haraka ilikuwa inaenda. Vitu kama hivyo viwekee lebo yake, andika VYETI kwa herufi kubwa, na nakala nyingine kaa nayo kwenye flashi.

Imeili ukishazifuta zinaenda kwenye tupio na zinakaa siku 30, na muda wote huo bado zinahesabiwa kwenye zile GB 15. Kama una haraka ya nafasi ingia ulimwage tupio kwa mkono wako.

Kusafisha bila kuziba mlango ni kazi bure, mwezi ujao utarudi palepale. Imeili za matangazo nyingi zina kineno cha Unsubscribe, pale juu karibu na jina la aliyetuma au chini kabisa kwa maandishi ya kujificha. Tangu 2024 Google wamewabana wanaotuma zaidi ya imeili 5,000 kwa siku kwamba lazima waweke njia ya kujitoa kwa mbofyo mmoja, kwahiyo kwa kampuni inayoeleweka inafanya kazi kweli. Mi huwa nawaambia watu usikae siku nzima ukijitoa, kila tangazo linaloingia leo jitoe hapohapo, wiki mbili hivi kelele zimepungua. Ila ikiwa ya kitapeli, umeshinda bahati nasibu ambayo hukucheza, usiguse linki yoyote, hata hiyo ya kujitoa, maana unakuwa umemwambia tapeli kwamba hapa kuna mtu. Hiyo ripoti kama spamu upite zako.

Zinazobaki ni za kupanga. Kule Kibirizi boti ikishusha huoni mtu anamwaga migebuka na dagaa kwenye turubai moja, sasa we kwanini barua ya kazi ilale pamoja na ofa ya pizza ambayo hata Kigoma haifiki? Tumia filta, yaani amri unayoiwekea Gmail ipange imeili zenyewe zinapoingia. App ya simu haina, fungua kwenye kompyuta, au kwenye brauza ya simu uweke muonekano wa kompyuta, bonyeza alama iliyo mwisho wa kiboksi cha kutafutia, jaza anwani ya anayetuma, chagua kutengeneza filta, alafu iambie iweke lebo au iruke inboksi kabisa. Na kuna kaujanja nakapenda, ukijisajili kwenye maduka ya mtandaoni andika jinalako+duka@gmail.com, itafika kwako vilevile, na sasa unatengeneza filta moja tu ya chochote kilichotumwa kwenye hiyo anwani yenye alama ya kujumlisha.

Na msichanganye kufuta na kuhifadhi kwenye kumbukumbu. Simu nyingi ukiipitisha imeili kidole pembeni haifutwi, inatoka inboksini tu na inabaki kwenye imeili zote. Kuna mzee mwalimu mstaafu anakuja hapa, shikamoo yangu haijaisha ananiambia mwanangu barua zangu zinaibiwa, kumbe kidole gumba chake ndo kinazisukuma akiwa anasoma. Zilikuwepo zote. Nikambadilishia kwenye mipangilio, sa hivi akisukuma haifanyi kitu.

Yule dada tulimpigia mtu wa shirika atume tena, ikaingia kabla hata chai yangu haijapoa, nikaprinti kurasa mbili akaondoka mbio.

Anayetaka kuja kusafishiwa aje asubuhi kabla foleni ya fotokopi haijaanza, na tafadhali njooni mnakumbuka paswedi zenu, maana nusu ya muda huwa inaishia hapo, mtu anakwambia ijaribu ya mwaka wa kuzaliwa, ijaribu ya jina la mtoto, mara anapiga simu kwa shemeji yake wa Ujiji ndo aliyemfungulia akaunti.