Somo: Kununua na kuuza besi na amplifaya zilizotumika, Kigoma na Tabora

Huku kwetu besi inayouzwa mara nyingi imetoka kwenye kwaya ya kanisa, kwenye bendi iliyovunjika, au imevushwa Ziwa Tanganyika ama kupitishwa Manyovu, mpakani na Burundi. Haina risiti, boksi lake lilishatupwa, na anayekuuzia huenda ni mtu wa nne kuimiliki. Kwa hiyo jina lililobandikwa kichwani lisikupe presha. Vitu viwili ndivyo vinavyoamua kama biashara ipo: shingo ya gitaa na transfoma ya amplifaya. Mengine yote yana bei ya fundi, unayatoa kwenye bei ya muuzaji mnakubaliana. Shingo iliyojinyonga na transfoma iliyoungua hata ukimpata fundi, gharama inaweza kuzidi thamani ya kitu chenyewe.

Nenda na multimita, waya wako wa gitaa unaouamini, betri mpya ya volti 9, betri ndogo ya volti 1.5, funguo za alenki (milimita 4 na 5 zinatosha kwa shingo za besi nyingi, na ndogo zaidi kwa skrubu za daraja), tochi, na simu yenye programu ya kutuni.

Hatua ya 1: Maswali kabla ya kulipa nauli

Omba picha tano: kichwa kwa nyuma, pale shingo inapoungana na mwili, daraja (pale nyuzi zinapokaa mwilini), shingo nzima kwa ubavu, na kibao cha nyuma ya amplifaya chenye volti na wati. Uliza ni ya nani. Swali hili msilionee aibu. Mpigaji wa kwaya anaweza kukaa na besi nyumbani miaka kumi na bado ikawa mali ya kwaya.

Hatua ya 2: Shingo

Tuni kwanza: E, A, D, G, kuanzia uzi mnene. Usikague shingo yenye nyuzi zilizolegea, maana mvuto wa nyuzi ndio unaoipinda. Ukikuta imelegezwa "ili isiharibike", ikaze, tuni, uiache dakika kumi ukiwa unaangalia mambo mengine.

Bonyeza uzi wa E kwenye freti ya 1 (freti ni vile vyuma vilivyokatisha shingo, vinahesabiwa kuanzia kichwani), na kwa mkono mwingine ubonyeze uzi huohuo pale shingo inapokutana na mwili. Uzi sasa umekuwa rula. Angalia nafasi kati yake na freti ya 7 au ya 8. Inatakiwa iwe kama milimita 0.3, unene wa kadi ya biashara. Mwombe uliyeongozana naye apitishe kadi ya benki hapo: hiyo ina milimita 0.76, na ikipita bila kugusa uzi, shingo imeinama mbele sana. Uzi ukilala juu ya freti bila nafasi yoyote, shingo imerudi nyuma, na freti za mwanzo zitakuwa zinakwaruza.

Kuinama peke yake siyo ugonjwa. Ndani ya shingo kuna nondo, na nati yake iko kichwani chini ya kifuniko kidogo, au mwisho wa shingo upande wa mwili. Kukaza huinyoosha shingo, kulegeza huiachia iiname mbele. Omba ruhusa, geuza robo mzunguko tu, tuni upya, subiri, pima tena. Ikibadilika, shingo ni nzima. Nati ikiwa imeshakazwa hadi mwisho na shingo bado imeinama, au inazunguka bila kushika kitu, mrudishie mwenyewe gitaa lake.

Kisha ishike kwa upande wa daraja, fumba jicho moja, utazame kuelekea kichwani. Freti ya kwanza na ya mwisho lazima zilale sambamba. Moja ikiinuka upande mmoja, shingo imejinyonga, na nondo hainyooshi shingo iliyojinyonga. Hapo hakuna punguzo linalotosha.

Hali ya hewa ina sehemu yake. Kiangazi cha Tabora, kuanzia Mei hadi Oktoba, hukausha mbao hadi ncha za freti zinatokeza na kukwaruza kiganja ukiteremsha mkono. Hiyo ni kazi ya tupa laini, usiogope. Kigoma, hasa nyumba za karibu na ziwa, shida ni kutu: jaribu kila skrubu ya daraja kwa alenki ndogo. Skrubu iliyoganda ina maana huwezi kupandisha wala kushusha uzi huo.

Sasa piga kila freti ya kila uzi, polepole, amplifaya ikiwa imezimwa. Besi ya nyuzi 4 na freti 20 ina sauti 84 ukihesabu na nyuzi wazi, na zinaisha ndani ya dakika tano. Sauti inayokufa ghafla kwenye freti moja tu inaonyesha freti imelika au iliyo mbele yake imeinuka. Malizia freti ya 12: gusa uzi juu yake bila kubonyeza, kisha bonyeza, na programu ya kutuni ikusomee sauti zote mbili. Ya kubonyeza ikiwa juu, sogeza kitako cha uzi huo pale darajani kirudi nyuma, mbali na shingo. Kikiwa kimefika mwisho na sauti bado iko juu, huenda daraja lilifungwa mahali pabaya.

Tazama pia aina ya nyuzi. Ukikuta waya wa breki ya baiskeli umefungwa mahali pa uzi, kagua freti na mfereji wa kidaraja cha juu, kile cha kichwani, kwa makini zaidi, kwa sababu waya ule unakula vyote viwili.

Hatua ya 3: Umeme wa gitaa

Chomeka waya wako, fungua volyumu zote mwisho, na upime omu kwenye ncha ya pili ya waya. Besi isiyotumia betri yenye pikapu moja (kifaa kinachonasa mtikisiko wa nyuzi) huonyesha kati ya kilo-omu 6 na 12. Yenye pikapu mbili za mtindo wa Jazz Bass, zote zikiwa wazi, huonyesha karibu kilo-omu 4 kwa sababu zinafanya kazi sambamba. Watu huona namba hiyo wakadhani pikapu moja imekufa. Multimita isiposoma kabisa, kuna waya umekatika. Ikisoma sifuri, kuna waya umegusana. Besi yenye betri haipimwi hivi. Hiyo weka betri yako mpya usikilize.

Volyumu inayokwaruza ukizungusha inahitaji dawa ya spirei ya kusafishia saketi na kuzungushwa mara ishirini hivi. Ni dosari ndogo inayosikika kubwa, na ni nafasi nzuri ya kuzungumza bei.

Hatua ya 4: Amplifaya

Usichomeke ukutani kabla ya kusoma kibao cha nyuma. Umeme wetu ni volti 230, hezi 50. Iliyoandikwa 120 imetengenezwa kwa soko la Marekani, na ya 100 ni ya Japani. Ukizichomeka moja kwa moja, ukibahatika itakatika fyuzi, usipobahatika ni transfoma. Nyingine zina swichi ya kuchagua volti. Hakikisha iko 230, usiamini neno la mtu.

Papo hapo soma wati zinazoliwa, siyo zile zilizochorwa kwa herufi kubwa mbele. Amplifaya haiwezi kuendelea kutoa nguvu kuliko inayokula. Ikiwa kibao kinasema wati 60 na mbele wameandika PMPO 1000 (wati za matangazo), basi hiyo ni ya mazoezi ya chumbani. Kwa kwaya yenye ngoma na kinanda, tafuta inayotoa wati 100 au zaidi, na spika ya inchi 12 au 15.

Fungua kishikio cha fyuzi. Hapa ndipo historia ya amplifaya inapoonekana. Ukikuta karatasi ya sigara au kipande cha waya badala ya fyuzi, ujue ilikuwa inakata fyuzi na mtu akachoka kununua. Thamani sahihi imeandikwa pembeni, kwa mfano T2A 250V, na hiyo T inamaanisha fyuzi ya kuchelewa kukata. Angalia na plagi: pini ya ethi ikiwa imekatwa, au waya wa ethi umeachwa ukining'inia ndani, usilishike gitaa hadi irekebishwe. Ukihisi hata mchomo mdogo kwenye nyuzi, zima. Watu hufa kwa hilo, hasa wakigusa gitaa na maikrofoni kwa pamoja.

Washa, volyumu zikiwa sifuri, bila gitaa. Mngurumo mzito unaosikika hata volyumu ikiwa sifuri huwa ni kapasita za umeme zilizozeeka; zinabadilishwa na fundi mzuri wa redio. Usifungue mwenyewe, kwa sababu kapasita hubaki na umeme hata ikichomolewa.

Spika: amplifaya ikiwa imezimwa, sukuma karatasi yake taratibu kwa vidole vya mikono yote miwili, pande zote sawa. Ikikwaruza, koili inasugua. Chomoa waya mmoja wa spika upime: spika ya omu 8 husoma karibu 6, ya omu 4 husoma karibu 3.2. Gusisha betri ya volti 1.5 kwa sekunde moja. Karatasi iruke mara moja bila mlio wa mkwaruzo.

Halafu ipige nusu saa mfululizo kwa sauti ya ibada, si ya chumbani. Amplifaya nyingi mbovu hupiga vizuri dakika kumi za kwanza, zikipata joto sauti inapungua au inakatika. Muuzaji anayekataa nusu saa hii amekujibu tayari.

Hatua ya 5: Bei

Toa, usikadirie. Tuseme anataka 450,000 kwa vyote viwili. Nyuzi mpya 60,000, kusafisha na kubadili volyumu 25,000, kapasita na kazi ya fundi 50,000. Unabaki na 315,000, na unamwonyesha hesabu hiyo kwenye karatasi. Mtu akiona hesabu hachukii. Anachokichukia ni kuambiwa "kitu chenyewe kibovu".

Hatua ya 6: Karatasi na pesa

Andikeni hati ya mauziano: majina, tarehe, namba ya utambulisho (serial namba) ya gitaa na ya amplifaya, bei, dosari zilizotajwa, shahidi mmoja kila upande. Kama imetoka nje ya nchi, omba karatasi ya forodha. Usitume "kishika uchumba" kwa simu kabla hujakiona kitu. Nawe muuzaji, usiamini meseji ya malipo. Ingia kwenye menyu uangalie salio.

Hatua ya 7: Safari

Kwa basi au treni, legeza nyuzi mizunguko miwili tu, weka kitambaa kati ya nyuzi na freti, na zungushia godoro la sponji kichwani, maana ndipo gitaa linapovunjikia. Amplifaya isimame wima, spika isiguswe na mzigo mwingine.

Kwa anayeuza: kaza nati ya jeki, safisha volyumu, weka fyuzi sahihi. Kupaka rangi upya ni hasara, mnunuzi atajiuliza unaficha nini. Andika dosari zote kwenye tangazo. Anayesafiri kutoka Kibondo au Sikonge akakuta ulichoandika ndicho alichokikuta, hana sababu ya kushusha bei.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Ujiji: Shikamoo mwalimu. Naweza kupigia besi kwenye sabufa ya nyumbani wakati natafuta pesa ya amplifaya?*

Marahaba. Kwa sauti ya chini, ndiyo, ukipitia mikisa kwanza. Uzi wa E wazi ni hezi 41, na kidole kinapoudonoa kunatokea kishindo ambacho muziki uliorekodiwa umeshakipunguza. Ukipandisha sauti, koili au karatasi ya spika itaondoka. Ya nyuzi 5 ndiyo usijaribu kabisa, B yake inashuka hadi hezi 31.

*Mwanachama, Urambo: Kaka, nimepata amplifaya ya Japani ya volti 100, inakula wati 100. Transfoma gani?*

Chukua ya kushusha 230 kwenda 100, yenye VA 200 (VA ni kipimo cha uwezo wa transfoma) au zaidi ili isichemke. Za madukani nyingi hutoa 110, na hiyo ni asilimia 10 zaidi ya inachotaka. Waambie wakupimie kwa multimita kabla hujalipa. Hezi si tatizo, Japani wanatumia 50 na 60. Ile ya Marekani iliyoandikwa hezi 60 peke yake ndiyo transfoma yake itapata joto zaidi huku.

*Mwanachama, Nzega: Besi yangu ya betri inamaliza betri kila wiki. Nimeshabadili aina tatu.*

Unaacha waya umechomekwa, ndugu. Kwenye besi hizo jeki ndiyo swichi: waya ukiwa ndani, betri inatumika hata ukiwa umelala. Kama huwa unachomoa na bado inaisha, fundi aliyebadili jeki aliweka ya miguu miwili badala ya mitatu, au alichomea waya mweusi wa betri moja kwa moja kwenye ethi. Unatakiwa uende kwenye mguu wa kati wa jeki.

*Mwanachama, Kasulu: Seremala anasema ataipiga pasi shingo iliyojinyonga na kuibana wiki moja. Nikubali?*

Joto hulainisha gundi ya ubao wa freti, na shingo hunyooka kweli. Mara nyingi hurudi mvua zikianza. Kubali kama ni besi yako tayari na huna cha kupoteza. Usinunue kwa kutegemea hilo.

*Mwanachama, Kigoma mjini: Amplifaya yangu imeandikwa mwisho omu 4, ndani ina spika ya omu 8. Naweza kuongeza kabati la omu 4?*

Hapana mkuu. 8 na 4 sambamba ni omu 2.67, chini ya kiwango chake. Ongeza la omu 8, utapata 4 kamili.

*Mwanachama, Tabora: Kwaya yetu inauza besi ya zamani. Nani asaini?*

Mwenyekiti, katibu na mhazini, na nakala ya muhtasari wa kikao kilichokubali kuuza. Pesa iingie kwa mhazini. Mpigaji aje kuonyesha jinsi inavyolia, lakini asiwe yeye anayepokea.