Magneta imebadili kasi? Hesabu mizunguko kwanza

Magneta ni nyota ya nyutroni (kiini kilichobanwa sana cha nyota iliyokufa) yenye usumaku wa kutisha, kwa kawaida gausi trilioni 100 hivi na zaidi. Glichi yake, yaani kasi ya mzunguko kuruka ghafla, hupatikana kwa kupima muda wa mapigo ya eksirei. Nitatumia 1E 2259+586, iliyo katika kundinyota la Cassiopeia na inayojizungusha mara moja kila sekunde 7 hivi.

Hatua ya 1. Hamishia muda wa kila fotoni, yaani chembe ya eksirei, kwenye kitovu cha uzito cha mfumo wa Jua. Dunia ikilizunguka Jua, mapigo huwahi au huchelewa hadi dakika 8 hivi. Hakikisha mahali pa nyota ni sahihi. Kosa dogo hapo huzaa wimbi la mwaka mzima kwenye mabaki yako, yaani tofauti kati ya muda wa mapigo uliopimwa na ule uliotabiriwa.

Hatua ya 2. Kunja fotoni kwa kipindi unachokijua, yaani pandanisha mizunguko yote iwe mpigo mmoja, kisha linganisha umbo la mpigo na kiolezo cha wakati nyota ilipokuwa imetulia. Programu hufanya kazi hii haraka.

Hatua ya 3. Hesabu mizunguko, tena kwa subira, maana hapa ndipo wengi huteleza. Juni 2002 nyota hii iliongeza kasi kwa takriban sehemu 4 kwa milioni. Ruko kama hilo, ukikaa siku 14 bila kuitazama, hulimbikiza mizunguko 0.69. Lakini data haikuambii mpigo umewahi kwa 0.69, huenda ukasoma kwamba umechelewa kwa 0.31, ukatangaza kuwa nyota imepunguza kasi! Baada ya siku 3 mlimbikizo ungekuwa 0.15 tu, usio na utata. Kwa hiyo nyota ikitoa mlipuko wa eksirei, kama ilivyofanya 2002, omba vipimo vya karibu karibu mara moja. Kupungua kwa ghafla kupo kweli: darubini ya Swift ilikunasa kwenye nyota hiyohiyo Aprili 2012. Ndiyo maana alama ya kutoa au kujumlisha haifai kubahatishwa.

Hatua ya 4. Chunguza umbo la mpigo. Mpigo wa nyota hii una vilele viwili, na mlipuko wa 2002 ulibadilisha uwiano wake. Kiolezo kikishika kilele kisicho chake, utaona ruko la karibu nusu mzunguko ambalo halipo.

Hatua ya 5. Chora mabaki dhidi ya siku. Umbo likibadilika tu, mabaki hupanda ngazi moja na kubaki palepale. Glichi huyafanya yainame kwa mstari mnyoofu unaozidi kuachana na sifuri kila siku. Yakipinda taratibu kama upinde, kinachobadilika ni nguvu inayoipunguza kasi nyota, nami sikuiti kitu hicho glichi.