Mwaloni mzee shambani: kagua udongo kabla ya matawi

Ndugu mkulima uliyepata shamba Uingereza, la kununua au la kukodi, huenda umelikuta na mwaloni uliokuwa mkubwa tangu kabla babu yako hajazaliwa. Wengi huutazama juu, wakaona matawi makavu, wakaanza kutafuta mtu wa msumeno. Nakushauri uanzie chini.

Sehemu kubwa ya mizizi ya mwaloni imo ndani ya mita moja ya juu ya udongo, nayo husambaa hadi nje ya kivuli cha matawi. Kwenye ncha za mizizi hiyo hushikamana kuvu wanaouletea mti maji na madini, nao hulipwa sukari. Plau ikipita hapo hukata mizizi. Trekta likiegeshwa kila siku, au ng'ombe wakijazana kivulini msimu mzima, udongo hushindiliwa na hewa huisha. Mbolea nyingi ya naitrojeni au fosforasi nayo huwadhoofisha kuvu hao. Madhara huonekana miaka mingi baadaye, ndiyo maana dereva wa trekta huwa halaumiwi.

Kwa miti mikongwe, mwongozo wa serikali kwa England ni huu: pima kipenyo cha shina, zidisha mara 15, usiguse udongo ndani ya umbali huo. Shina la mita 1 linahitaji mita 15 kila upande. Ikiwa mita 5 kutoka mwisho wa matawi ni mbali zaidi, fuata hizo. Acha majani yaozee papo hapo. Ukiweka matandazo ya vipande vya mbao, yasiguse shina.

Sasa tazama juu. Mwaloni mzee huacha matawi ya kileleni yakauke huku ukijenga taji jingine chini yake. Hiyo ni njia yake ya kuishi muda mrefu. Uwazi ndani ya shina nao si ugonjwa wa kukimbilia kutibu, kwa sababu moyo wa mti ni mbao iliyokwisha kufa, na uhai uko kwenye tabaka za nje. Usiuzibe kwa saruji. Kata tu tawi linaloning'inia juu ya njia au nyumba, na ukiweza liache lioze chini ya mti. Huko Uingereza, aina zipatazo 2,300 za viumbe zimehusishwa na mialoni ya asili, na 326 kati yake hazipatikani kwenye mti mwingine wowote.

Dalili ya kukutia wasiwasi ni majimaji meusi yanayochuruzika kwenye nyufa za gome, hasa kwa miti iliyopita miaka 50. Ni kazi ya bakteria, na mara nyingi hukutwa pamoja na mbawakavu anayeacha matundu madogo yenye umbo la herufi D. Mti unaweza kufa ndani ya miaka michache, na hakuna dawa ya kupuliza. Ubwiri unga, ule weupe juu ya majani, huumiza zaidi miche. Mti mkubwa huustahimili. Ukiona viwavi wenye nywele wakiandamana kwa mstari, usiwaguse wala usiguse viota vyao: nywele hizo huwasha ngozi na macho na huweza kubana pumzi. Waligunduliwa London mwaka 2006. Toa taarifa kupitia TreeAlert, huduma ya mtandaoni ya kuripoti magonjwa na wadudu wa miti.

Wenye mifugo, kokwa za mwaloni huwadhuru figo ng'ombe na farasi, hasa zikiwa bado mbichi. Nguruwe huzistahimili vizuri, na kule New Forest, eneo la misitu kusini mwa England, huachiwa kila vuli wazile kabla farasi hawajazifikia. Wewe weka uzio.

Kupanda si kazi ngumu. Okota kokwa zilizoanguka, zitie kwenye maji, tupa zinazoelea. Zipande vuli hiyo hiyo, kwani zikikauka zinakufa. Weka moja kwa moja shambani, kina cha sentimita 3 hadi 5, maana mzizi mkuu hupendelea kutohamishwa, kisha funika kwa wavu wa waya dhidi ya panya na kindi. Aliyezoea mikaratusi ya nguzo ajiandae: kokwa zenyewe kwa kawaida huanza kutoka mti ukikaribia miaka 40.

Mbao yake ni nzito na sehemu ya moyo hudumu hata nje kwenye mvua. Ianike pahali penye upepo, takriban mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Tumia misumari isiyoshika kutu, kwani tanini, kemikali iliyomo ndani ya mbao hiyo, hula chuma cha kawaida na kuacha madoa meusi. Na kabla ya kuangusha chochote England, kumbuka kwamba zaidi ya mita za ujazo 5 katika robo ya mwaka kwa kawaida huhitaji kibali cha Forestry Commission, idara ya serikali ya misitu. Ulizia pia halmashauri, kwani hata mti mmoja unaweza kuwa chini ya amri ya ulinzi.