Kupima moshi Texas: usifute kodi za hitilafu usiku wa kuamkia ukaguzi

Tangu tarehe 1 Januari 2025 Texas imefuta ukaguzi wa usalama kwa magari binafsi, na wengi wakadhani kipimo cha moshi nacho kimeondoka. Kipo palepale. Katika baadhi ya kaunti, zikiwemo Harris, Dallas, Tarrant, Travis na El Paso, gari la petroli lenye umri wa miaka 2 hadi 24 halihuishiwi usajili bila kupimwa. Dizeli haiguswi. Unaruhusiwa kupima ndani ya siku 90 kabla usajili haujaisha, nawe pima mapema.

Hakuna anayenusa ekzosi siku hizi. Mkaguzi anachomeka waya kwenye soketi ya OBD (mfumo wa gari wa kujichunguza) chini ya dashibodi na kuisoma kompyuta. Kwa hiyo anzia nyumbani: fungua swichi bila kuwasha injini. Taa ya injini isipowaka hapo (balbu imeungua, au muuzaji mjanja kaichomoa), umefeli. Ukiwasha injini, taa izime.

Isipozima, soma kodi kwa skana, yaani namba za hitilafu zilizohifadhiwa kwenye kompyuta ya gari. P0442 na P0455 maana yake mvuke wa petroli unavuja; tazama kwanza mpira wa kifuniko cha tanki kama umepasuka. P0420 inataja kataliti (kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi), ila usikimbilie kununua mpya. Ekzosi iliyotoboka karibu na sensa ya oksijeni inaweza kuleta kodi hiyohiyo, na injini ikiwa inamisi (mafuta hayachomeki sawasawa), kataliti mpya nayo itaungua.

Kinachowaponza wengi ni kufuta kodi, au kuchomoa betri, kisha kwenda moja kwa moja kupima. Taa imezima, sawa, lakini majaribio ambayo kompyuta hujifanyia yenyewe yamefutika pia. Gari la 2001 na kuendelea linaruhusiwa kubakiza jaribio moja tu lisilokamilika. Yakiwa mawili, unarudishwa.

Ili yakamilike, weka mafuta kati ya robo na robo tatu ya tanki, maana jaribio la mvuke haliendi tanki likijaa. Gari lilale usiku kucha. Asubuhi liwashe, liache lingurume dakika mbili tatu, kisha shika barabara kuu kwa maili 55 kwa saa, mwendo mmoja, dakika 15 hivi. Ondoa mguu kwenye mafuta, lipungue lenyewe bila breki pale penye usalama, umalizie mitaani kwenye taa za barabarani. Rudia siku kadhaa. Skana ya bei nafuu itakuonyesha yaliyobaki.

Ukifeli, tunza karatasi ya majibu. Ukitengeneza na kurudi kituo kilekile ndani ya siku 15, kipimo cha pili ni bure.