Somo: Seva inapokataa jina la kompyuta ya nyumbani (Postfix)

Wakuu, somo hili ni kwa mwenye seva yake ya Postfix (programu ya seva ya barua pepe) na watumiaji wanaotuma barua pepe kutoka majumbani. Ofisini barua zinatoka bila shida. Mtu akifika kwake na kompyuta hiyohiyo, anaambiwa:

`504 5.5.2 <DESKTOP-7KQ2>: Helo command rejected: need fully-qualified hostname`

Nywila ni sahihi na bando lipo. Kilichokataliwa ni jina.

Programu ya barua ikiunganishwa na seva hupiga hodi kwa amri ya EHLO na kujitaja. Seva nyingine hutaja jina kamili, mfano mail.example.com. Outlook hutaja jina la kompyuta, ambalo kwa kawaida halina nukta hata moja. Thunderbird hutaja IP ya ndani kwenye mabano ya mraba, [192.168.1.5], na Postfix huikubali, ndiyo maana mmoja anapita na mwenzake anakwama. Ofisini wote wanapita kwa sababu ya `permit_mynetworks`, kanuni inayoruhusu kompyuta za mitandao uliyoiorodhesha kuwa yako.

Ukaguzi upo wa aina mbili na watu huuchanganya. Wa kwanza hutazama jina lililotajwa: `reject_non_fqdn_helo_hostname` hutaka liwe kamili, `reject_unknown_helo_hostname` hutaka liwe na rekodi ya A (inayotoa IP ya jina) au MX (inayotaja seva ya barua ya jina) kwenye DNS, daftari la majina ya intaneti. Wa pili, `reject_unknown_client_hostname`, haujali umejitaja nani. Huchukua IP uliyotokea, huuliza rekodi yake ya PTR (inayotoa jina kutoka kwa IP), kisha huhakikisha jina lililopatikana linarudi kwenye IP ileile. Kwa mtu wa nyumbani huu ni ukuta, maana PTR huwekwa na mwenye IP, yaani kampuni ya intaneti. Kwenye laini za simu ndiyo kabisa: wateja wengi hutoka kwa IP moja ya nje, ruta ikipewa anwani ya ndani, mara nyingi ya kundi la 100.64.0.0/10.

Kwa hiyo kumpima mtu wa nyumbani kwa jina ni kumwonea. Ana nywila, mpime kwa nywila. Majina waachie seva ngeni zinazokuja kwenye poti 25, mlango ambao seva hupokezana barua.

Hatua ya 1. Soma kumbukumbu za seva ujue ni ukaguzi upi uliomkataa. Debian na Ubuntu:

`grep "rejected:" /var/log/mail.log`

Ukiona "Helo command rejected", ni aina ya kwanza. Ukiona "Client host rejected: cannot find your hostname", ni ya pili.

Hatua ya 2. Kwenye main.cf (faili kuu la mipangilio ya Postfix), ruhusa zitangulie makatazo. `permit_sasl_authenticated` humruhusu aliyeingia kwa nywila; SASL ndiyo njia ya kuingia. Postfix husoma orodha kwa mpangilio na husimama kwenye kanuni ya kwanza inayotoa uamuzi:

```
smtpd_helo_restrictions =
  permit_mynetworks,
  permit_sasl_authenticated,
  reject_invalid_helo_hostname,
  reject_non_fqdn_helo_hostname
```

Hatua ya 3. Fungua poti 587, mlango wa watumiaji wenye nywila, kwenye master.cf (faili la huduma za Postfix). Wazo la kutenga poti ya watumiaji na poti ya seva liliandikwa kwenye RFC 2476 (waraka wa taratibu za intaneti) mwaka 1998, lakini bado nakuta watu wanawapitisha wote 25.

```
submission inet n - y - - smtpd
  -o smtpd_tls_security_level=encrypt
  -o smtpd_sasl_auth_enable=yes
  -o smtpd_helo_restrictions=
  -o smtpd_client_restrictions=permit_sasl_authenticated,reject
  -o smtpd_relay_restrictions=permit_sasl_authenticated,reject
```

Usiache nafasi kando ya alama ya =.

Hatua ya 4. `postfix reload`, kisha jaribu ukiwa nje ya ofisi:

`openssl s_client -starttls smtp -crlf -connect mail.example.com:587`

Ukijaribu kwa mkono, andika `rcpt to` (amri ya kutaja mpokeaji) kwa herufi ndogo. Mstari ukianza na R kubwa, openssl huuchukulia kuwa amri yake yenyewe na utahangaika bure.

Maswali ya wadau

*Mkuu, EHLO inakuja kabla ya nywila. Hiyo permit_sasl_authenticated inamjuaje mtu ambaye hajaingia?*

Swali zuri. Kwa kawaida `smtpd_delay_reject` ni yes: Postfix inasubiri mpaka RCPT TO ndipo itoe hukumu, na kufikia hapo mtu ameshaingia. Kuna aliyeiweka no? Airudishe.

*Nimefuata hatua ya 2, bado "cannot find your hostname".*

Ruhusa ya orodha moja haivuki kwenda orodha nyingine. Hiyo inatoka `smtpd_client_restrictions`. Weka `permit_sasl_authenticated` huko pia, au mhamishie 587.

*Kaka, nina seva nyumbani, nataka ipeleke Gmail moja kwa moja.*

Usijichoshe. Tangu Februari 2024 Google inataka kila mtumaji awe na DNS ya kwenda na ya kurudi (jina liende kwenye IP, na IP irudi kwenye jina). Kampuni nyingi za intaneti hufunga poti 25, na IP za majumbani nyingi zimo kwenye orodha ya PBL ya Spamhaus, yaani IP zisizotarajiwa kutuma barua moja kwa moja. Pitisha kwa seva yenye jina: `relayhost = [mail.example.com]:587`, pamoja na nywila ya SASL.

*Nataka kuwasha reject_unknown_helo_hostname kwenye 25. Unashauri?*

Tanguliza `warn_if_reject` mbele yake. Itaandika tu kwenye kumbukumbu bila kukataa mtu. Iache wiki moja uone wangekataliwa nani. Mara nyingi utakuta wateja halali ambao fundi wao alikosea kuandika jina la seva.