Mama alipoiogopa hata karoti: namna ya kumsaidia mzazi anayeihofia sukari kupita kiasi

Mama alianza kwa kuacha sukari ya chai, nami nikampongeza. Mwezi uliofuata akaacha matunda. Yakafuata maziwa, kisha karoti, kwa kuwa kuna mtu alimwambia karoti ni sukari tupu. Siku niliyogundua kwamba hata dawa ya maji ya kikohozi ameiweka kando kwa sababu ni tamu, uzito wake ulikuwa kilo 54. Miezi minane nyuma alikuwa na kilo 61. Ana miaka 74, na kisukari hana.

Nayaandika haya kwa aliye na mzazi wa namna hii, kwa sababu mimi nilianza vibaya na nilipoteza muda ambao mwili wake haukuwa nao.

Kosa langu lilikuwa kubishana. Kila nikija na hoja, yeye anakuja na mdogo wake. Mama mdogo alikatwa mguu kwa ajili ya kisukari na akafariki mwaka uliofuata, na Mama ndiye aliyekuwa akimsafisha kidonda asubuhi na jioni. Hayo yote niliyajua, ila sikuwahi kuyahusisha na ndizi zinazoozea kwenye bakuli. Jioni moja nikaacha kumwambia "Mama, kula tu," nikamuuliza, "Mama, ukila hii unaona kitatokea nini?" Akanyamaza kitambo kirefu. Kisha akasema, "Sitaki mje mnifunge kidonda kama nilivyomfunga mwenzangu."

Basi anzia hapo. Uliza, halafu nyamaza, na siku hiyo usijibu kitu. Mimi nilimshika mkono tu, tukazungumza habari za mama mdogo hadi usiku. Alikuwa hajawahi kumlilia mbele yetu. Mzazi ambaye hofu yake haijasikilizwa hatasikia habari ya gramu wala vipimo, hata ukimletea kwa maandishi.

Wala usimwambie hofu yake ni upuuzi, maana ndani yake mna ukweli. Sukari ya kuongezwa ikizidi inadhuru. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2015 kwamba sukari ya namna hiyo isizidi asilimia 10 ya nishati yote mtu anayopata kwa siku. Kwa anayekula kalori 2,000 ni kama gramu 50, yaani vijiko vidogo 12 hivi. Ikishuka chini ya asilimia 5, wanasema, ni bora zaidi. Nilipomwonyesha Mama kwamba hata wataalamu wanaionya dunia kuhusu sukari, bega lake lilishuka. Kwa mara ya kwanza aliniona niko upande wake.

Kutoka hapo ndipo nilipoweza kumwambia jambo la pili: hesabu hiyo haigusi sukari iliyomo ndani ya tunda zima, mboga wala maziwa. Inahusu ile inayotiwa kwenye chakula na vinywaji, pamoja na asali na juisi. Ukila chungwa zima unakula na nyuzinyuzi zake, na sukari inaingia kwenye damu taratibu.

Neno asali ndilo lililotufungua. Kumbe miezi yote hiyo, wakati amekataa chungwa, Mama alikuwa anakunywa maji ya moto yenye kijiko kikubwa cha asali kila asubuhi, kwa kuamini kwamba ni dawa. Kijiko kikubwa cha asali kina takriban gramu 17 za sukari, zaidi ya zilizomo kwenye chungwa la kawaida. Nilitaka kumwambia papo hapo. Nashukuru nilijizuia hadi tulipopima.

Kupima usikuruke. Usimtulize mzazi kwa jambo ambalo hujalihakikisha, na kupungua uzito kunaweza kuwa na chanzo kingine kabisa. Tulipima sukari kabla hajala kitu asubuhi, na kile kipimo kinachoonyesha wastani wa miezi miwili hadi mitatu. Cha kwanza kilisoma 5.1 (kwa mmol/L, kizio cha kupimia sukari ya damu), kisukari huhesabiwa kuanzia 7.0. Cha pili kilisoma asilimia 5.4, kisukari huanzia 6.5. Nilimwomba daktari amweleze Mama mwenyewe, amtazame yeye, mimi nikae nyuma. Akamwandikia namba zote nne kwa mkono kwenye karatasi. Karatasi hiyo imebandikwa ndani ya mlango wa kabati la vyombo, na mpaka leo namwona akiisoma.

Tuliporudi nyumbani ndipo nikamwambia habari ya asali. "Mama, miezi minane umekula sukari kila asubuhi, na kipimo chako ni hicho." Aliiangalia ile karatasi, akaniangalia mimi. Hakusema kitu, ila kesho yake aliniomba nimmenyee chungwa.

Kama mzazi wako ana kisukari kweli, hasa kama anatumia insulini au vidonge kama glibenclamide, usifuate njia yangu ya mlo. Fuata ya daktari wake. Lakini ujue kwamba kwake hofu hii ni hatari zaidi. Dawa hizo zinaweza kuishusha sukari mno, na wazee ndio wanaoumia zaidi. Ikishuka chini ya 3.9 mmol/L anahitaji gramu 15 za sukari inayoingia haraka, kama vijiko vidogo vitatu hadi vinne kwenye maji, kisha apimwe tena baada ya dakika 15. Mzazi aliyeapa kwamba sukari haitaingia kinywani mwake anaweza kuikataa dakika hiyo hiyo inapomwokoa. Kubalianeni mapema, akiwa mzima. Akiwa amezimia usimtie kitu mdomoni. Tafuta msaada wa hospitali mara moja.

Jambo jingine lililomwingia Mama ni la miguu yake. Alikuwa hawezi tena kuinuka kitini bila kushika meza, akidhani ni uzee. Nikamweleza alivyotufafanulia daktari: ubongo peke yake hutumia takriban gramu 120 za glukosi, yaani sukari ya damu, kwa siku, na mwili usipoipata kwenye chakula, ini huitengeneza, hata kwa kutumia protini ya misuli. Sukari ambayo alikuwa anaikimbia ilikuwa inatengenezwa ndani yake mwenyewe, na miguu ndiyo iliyokuwa inalipa. Hapo hapo akaelewa pia kwamba huwezi kuua saratani kwa njaa ukiacha matunda, jambo ambalo alikuwa amelisoma kwenye ujumbe wa simu.

Kuhusu jumbe hizo, sikumkataza kuzisoma. Nilimwomba jambo moja: kabla hajabadilisha mlo, tuusome ujumbe pamoja na tutazame mwishoni unauza nini. Mara nyingi kuna kitu kinauzwa.

Vyakula tulivirudisha kinyumenyume, tukianza na alichokiacha mwisho. Karoti kwanza, zikiwa zimeiva ndani ya supu. Baada ya wiki mbili, maziwa nusu kikombe. Chungwa aliliomba mwenyewe, kwa hiyo sikulizuia, lakini matunda mengine yalisubiri zamu yake. Kimoja kimoja, na kila kimoja kwa idhini yake. Usimfiche. Dada yangu, kwa mapenzi tu, aliwahi kumtilia sukari kwenye chai kwa siri. Mama aliigundua kwa funda la kwanza, na wiki mbili nzima hakula kitu ambacho hakukipika mwenyewe. Imani yake ilirudi polepole kuliko uzito.

Kile kimashine cha kupimia nyumbani nacho tulikiweka kando. Alikuwa ameanza kujichoma kidole mara sita kwa siku, na kila namba ikipanda baada ya kula anatetemeka, ilhali kupanda kidogo baada ya chakula ndivyo mwili wa kila mtu unavyofanya. Tulikubaliana na daktari arudie kipimo cha wastani baada ya miezi mitatu, kwa kuwa chembe nyekundu za damu huishi siku zipatazo 120 na kabla ya hapo mabadiliko hayaonekani vizuri.

Mrudishe hospitali haraka ukiona uzito unaendelea kushuka. Kupoteza asilimia 5 ndani ya miezi sita hadi kumi na miwili bila kukusudia ni dalili ya kuchunguzwa kwa mzee yeyote. Fanya hivyo pia kama hofu imekuja pamoja na kukosa usingizi, huzuni isiyoisha, usahaulifu au kudhani kwamba watu wanataka kumwekea sumu. Hapo tatizo limepita chakula.

Kipimo cha wastani tulichorudia kilisoma asilimia 5.4 vilevile. Uzito umefika kilo 57. Chai bado anainywa bila sukari, na hilo tumemwachia, ni lake. Ndizi anakula nusu. Nusu ya pili hunipa mimi, nami naila mbele yake.