Muziki kwenye kompyuta unasikika hovyo? Pita hapa kabla hujanunua spika nyingine

Hii wengi washakutana nayo. Wimbo ule ule, hedifoni zile zile, ukipiga kwenye simu uko poa, ukihamia kwenye kompyuta unasikika kama mwimbaji kafungiwa ndani ya ndoo. Mtu anaanza kwa kulaumu spika, afu anaingia mtandaoni kutafuta programu ya kuboresha sauti, anakuta zipo kibao na kila moja inaahidi miujiza. Mi nimezijaribu nyingi tu, na nilichojifunza ni kwamba programu haiwezi kuongeza kitu ambacho hakimo kwenye faili. Inaweza mambo mawili basi: kuizuia kompyuta isiuharibu muziki njiani, na kurekebisha kasoro za spika au hedifoni ulizonazo. Hilo la pili lina faida kubwa kuliko watu wanavyodhani, ntalifikia, ila ukilirukia kabla hujaziba matundu ya njiani utakuwa unateka maji kwa pakacha.

Faili lenyewe tulimalize haraka. CD ina sampuli 44,100 kwa sekunde (sampuli ni kipimo kimoja kimoja cha wimbi la sauti) za biti 16, yaani kila kipimo kimeandikwa kwa tarakimu 16 za sifuri na moja, kwa stereo inafika kama kilobiti 1,411 kila sekunde. FLAC na MP3 ni aina za mafaili ya muziki: FLAC inabana hizo bila kutupa kitu, MP3 inatupa. MP3 ya kilobiti 320 iliyotengenezwa vizuri sina ugomvi nayo, wengi wetu hatuwezi kuitofautisha na CD, lakini ile ya 128 iliyochomolewa kwenye video afu mtu akaigeuza FLAC ili ionekane ya maana, hiyo ni nguo kuukuu iliyopigwa pasi. Ukiwa na wasiwasi danlodi Spek, programu ndogo ya bure, unaliburuta faili ndani inakuchorea picha ya sauti yote toka nzito za chini mpaka nyembamba za juu, kwa vipimo vya kHz. FLAC ya kweli iliyotoka kwenye CD rangi zake zinapanda mpaka karibu na 22 kHz, hiyo feki utaona zimekatwa kama kwa kisu maeneo ya 16 kHz na juu yake giza tupu. (Rekodi za zamani nyingine kihalali kabisa hazifiki juu, ila huwa zinafifia taratibu, hazikatwi kwa rula namna ile.) Likiwa feki tafuta jingine, hakuna programu ya kulifufua.

Sasa njia. Kwenye Windows kila sauti, wimbo wako, mlio wa meseji, video iliyojifungua yenyewe kwenye brauza, vyote vinapita kwenye miksa moja, sehemu ya Windows inayochanganya sauti zote, na hiyo miksa inafuata kasi moja tu ya sampuli. Ikiwa imesetiwa 48,000 na wimbo ni wa 44,100, Windows inazipiga hesabu upya sampuli zote ili zilingane. Sio balaa, siku hizi inafanya kazi hiyo vizuri tu, ila kama nyimbo zako karibu zote ni za 44,100 ya nini kuitwisha kazi ya bure. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika mmsys.cpl, piga enta, kitafunguka kile kidirisha cha zamani cha sauti. Chagua spika zako, ingia "Properties", nenda tabo ya "Advanced", weka biti 24 na 44100 Hz kama ipo. Biti 24 hata kama mafaili ni ya 16, maana ukishusha sauti ndani ya kompyuta zile biti za ziada ndo zinakupa nafasi ya kushukia.

Ukiwa humo humo ingia tabo ya "Communications" uchague isifanye chochote, la sivyo ikipigwa simu ya mtandaoni Windows inashusha sauti ya vitu vingine kwa asilimia 80 na we unabaki kushangaa wimbo umekwenda wapi. Halafu fungua ile programu ya sauti iliyokuja na laptop, kama ipo, uzime mbwembwe zake zote, besi ya bandia, ukumbi wa bandia, sauti ya kuzunguka. Zizimie ndani ya programu hiyo, usizime ile swichi kuu ya Windows inayofunga maboresho yote kwa mkupuo, kwa sababu ekwalaiza (programu ya kupandisha na kushusha besi, sauti za kati na za juu) tutakayoiweka baadae inapita mlango huo huo, ukiufunga nayo inabaki nje.

Na Bluetooth, jamani. Kuna jamaa yangu alikuwa karibu azitupe hedifoni zake, anasema zimekufa, muziki umekuwa kama redio ya mbao. Kumbe programu ya mikutano ilikuwa wazi kwa nyuma imeshikilia maiki ya hedifoni. Hedifoni nyingi za Bluetooth maiki ikiwaka tu zinahama kwenye njia ya muziki zinaingia njia ya simu, stereo inakufa, masikio yote mawili yanapewa sauti ile ile moja, na sampuli zinaporomoka mpaka 16,000 au hata 8,000 kwa sekunde. Dawa ni kuchagua maiki ya laptop yenyewe kwenye programu ya mikutano, hedifoni ziachie kazi ya kusikilizisha peke yake. Dakika moja tu hiyo, na jamaa alishaanza kuangalia bei za mpya.

Programu ya kupigia muziki kwenye Windows mi natumia foobar2000, ipo tangu 2002, ni nyepesi, sura yake kavu kama karatasi ya mtihani lakini inafanya kazi. Ndani yake ukiingia "Preferences", "Playback", "Output", utaona kifaa chako kimeandikwa mara mbili, kimoja kina neno "exclusive". Hicho kinatumia WASAPI, njia iliyokuja na Windows Vista, ambayo foobar2000 inaishika kadi ya sauti peke yake, miksa inarukwa, wimbo wa 44,100 unatoka 44,100 na wa 96,000 unatoka 96,000 bila we kugusa kitu. Ubaya wake ni kwamba wimbo ukiwa unapiga programu nyingine zote zinakuwa bubu, kwa hiyo usinipigie kelele kwamba YouTube imegoma. Kwenye Mac fungua Audio MIDI Setup usete kasi ya sampuli kwa mkono, na kwenye Linux za kisasa zenye PipeWire, mfumo wao wa kusimamia sauti, mara nyingi unaacha kama ilivyo, ukitaka ekwalaiza unaweka EasyEffects.

Ikiwa shida yako ni sauti kukatakata au kutoa vimilio vya tik tik, hapo usihangaike na ubora wa faili, hilo ni suala la muda. Kompyuta inajaza bafa, yaani ghala dogo la muda la sampuli, na kadi ya sauti inazichota, draiva flani (programu inayoendesha kifaa kimoja cha kompyuta) ikiing'ang'ania prosesa kwa muda mrefu bafa inakauka na we unasikia tik. Danlodi LatencyMon, iache ifanye kazi kama dakika kumi huku muziki unapiga, itakuonyesha draiva gani inachelewesha wenzie. Mara nyingi mchawi ni draiva ya Wi-Fi au ya kadi ya picha, apdeti hiyo kwanza, na ukitaka uhakika zima Wi-Fi kidogo usikilize kama tik zinaisha. Ikishindikana ongeza bafa kwenye programu ya muziki, kwa kusikiliza tu haina hasara, hayo ya kuishusha mpaka milisekunde chache waachie wanaorekodi.

Haya, ekwalaiza. Hapa ndo utasikia tofauti kwa masikio yako bila kujilazimisha, kwa sababu hakuna hedifoni wala spika isiyo na vilima na mabonde, yaani sauti za maeneo fulani zinazotoka kubwa au ndogo kupita inavyotakiwa, na laptop ndo usiseme. Weka Equalizer APO, ya bure, inafanya kazi kwa kila kitu kinachopita kwenye miksa ya Windows, na juu yake weka Peace upate vitelezi vya kushika kwa mausi. Mi mwenyewe huwa naandika moja kwa moja kwenye faili lake la config.txt, ni mistari tu kama hii:

Preamp: -4 dB
Filter 1: ON PK Fc 200 Hz Gain -3 dB Q 1.0
Filter 2: ON PK Fc 3000 Hz Gain 3 dB Q 1.5

Mstari wa pili unapunguza ule uvimbe wa maeneo ya 200 Hz unaofanya sauti iwe kama ya ndani ya boksi, wa tatu unamsogeza mwimbaji mbele kidogo. Fc ni mahali pa kilima, Gain ni kiasi cha kupandisha au kushusha kwa dekibeli (dB, kipimo cha ukubwa wa sauti), na Q ikiwa kubwa kilima kinakuwa chembamba, ikiwa ndogo kinatanuka. Sasa angalia mstari wa kwanza maana ndo watu wanausahau. Ukipandisha sehemu yoyote kwa dekibeli 3 na wimbo ulikuwa tayari umejaa mpaka juu, na nyimbo za siku hizi zimejaa hasa, vilele vinagonga dari na sauti inapasuka. Kwa hiyo shusha kwanza yote kwa kiasi kile kile ulichopandisha au zaidi kidogo, afu kama sauti imekuwa ndogo ongeza kwenye spika. Na kama unaweza kupunguza badala ya kupandisha, punguza, usimfanyie mtu besi ya dekibeli 12 kwenye vispika vya laptop, vitatetemeka tu, havina mapafu ya kuitoa.

Hujui uanzie wapi? AutoEq ina mipangilio ya maelfu ya hedifoni zilizopimwa kwa mashine, unatafuta modeli yako, unachukua faili, unaliingiza kwenye Equalizer APO, ukisikiliza mara ya kwanza inaweza ikakuudhi kwa sababu sikio limezoea kasoro. Ipe siku mbili tatu. Mi ya kwangu niliishia kuirudishia besi kidogo, kipimo ni kipimo ila masikio ni yangu.

Ila kuna mtego: ile njia ya "exclusive" inaruka miksa, na Equalizer APO inaishi kwenye miksa, kwa hiyo ukiwasha vyote viwili ekwalaiza haifanyi kazi na hutaambiwa. Chagua. Mi nachagua ekwalaiza kila siku, faida ya kukwepa miksa ni ndogo sana ukilinganisha na kuondoa mlima wa dekibeli 5 kwenye hedifoni. Anayetaka vyote atumie ekwalaiza ya ndani ya foobar2000 yenyewe.

Kuhusu zile programu zinazojiita za kuoptimaizi, zinazozima huduma za Windows na kuipa sauti kipaumbele kwenye prosesa. Zinaweza kusaidia kompyuta iliyochoka inayokatakata, sikatai. Lakini kama haikatikatiki, namba zinazofika kwenye kadi ya sauti ni zile zile. Nilishawahi kuweka moja, nikakaa wikiendi nzima nasifia jinsi matoazi yalivyokuwa hai, Jumatatu printa haionekani kwenye mtandao, kufuatilia kumbe programu imezima huduma kadhaa, na pia ilikuwa imepandisha sauti kidogo. Huo upandishaji ndo ulionidanganya, sikio likipewa sauti kubwa kwa dekibeli moja tu haliisikii kama kubwa, linaisikia kama nzuri. Toka hapo kila kitu napima kwa upofu. Foobar2000 ina kijalizo cha ABX, unakipa mafaili mawili, kinakuficha lipi ni lipi na kinasawazisha ukubwa wa sauti zao kwa ReplayGain, mfumo wa kupima ukubwa wa sauti ya wimbo, unabahatisha mara 16. Ukipata 8 au 9 ujue hukusikia kitu, ni roho tu.

Mwisho hifadhi nakala ya config.txt yako mahali. Windows ikijiapdeti au draiva ya sauti ikibadilishwa, Equalizer APO huwa inanyamaza kimya kimya, muziki unapiga ila ekwalaiza haimo. Fungua ile programu yake ya kuchagua vifaa, weka tiki tena kwenye spika zako, uwashe kompyuta upya.